Mkataba Unahama na Mchezaji

Jeddah, 4 Februari 2025

Mdogo wangu Danson,

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nao umeshazoea kulalamika peke yake. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la Riyadh kimeisha? Ijumaa Mama aliniuliza kama ninakupikia. Nimemweleza mara ngapi kwamba kutoka hapa hadi kwako ni mbali kuliko kutoka kwetu Khayega hadi Mombasa, lakini bado anadhani tunakutana sokoni. Usimcheke. Mwache aamini hivyo.

Barua hii unaletewa na Absalom, yule Mkenya wa Webuye anayeendesha lori la duka la fanicha la baba, mwenye nyumba hii ninayofanyia kazi. Anakuja Riyadh kila baada ya wiki mbili hivi. Anashusha makabati, halafu anampelekea dada yake baba samaki na maji ya Zamzam. Ukimkuta hapo sokoni Batha mnunulie soda. Na usinipigie simu tena, nakuomba. Mara ya mwisho madam alisikia sauti ya mwanamume akakataa katakata kwamba ni ndugu yangu. Tangu siku hiyo simu yangu inakaa juu ya friji, na neti napewa nusu saa ya Ijumaa tu ya kumsalimia Mama. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Sasa habari yenyewe. Najua umeisikia, ila hujaisikia kutoka jikoni kwangu. Jumapili asubuhi nilikuwa nampakulia baba ful, yale maharage yao, na mkate kabla hajaenda dukani. Akaangalia simu, akasimama, nikadhani amefiwa. Kumbe Dallas, ile timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, wamemuuza yule kijana wao wa Slovenia, yuleyule aliyewafikisha fainali mwaka jana, wamempeleka Los Angeles. Baba alisoma chuo huko Texas, na timu ile anaipenda kama ndugu yake wa damu. Alipiga meza chai ikamwagika. "Hawakumuuliza, Serah! Wallah, hawakumuuliza!" Mimi ndiye ninayeongea naye mpira humu ndani. Aligundua siku alinikuta nimebeba nguo chafu, namgombeza mchezaji kwenye TV kwa kuchelewesha pasi.

Maoni yangu ni haya. Timu huuza watu, hilo si geni. Kosa lao ni kumficha. Mtu amekutumikia tangu akiwa mtoto, umemsifu mbele ya watu, halafu inasemekana naye alishtuka kama tulivyoshtuka sisi. Hiyo ni dharau, na Dallas wataijutia.

Mimi nimebakiza miezi minne na siku kumi. Tarehe kumi na nne Juni mkataba unaisha, napewa tiketi, halas. Mwalimu Jerusha amesema atashika filimbi ya kufundisha timu ya wasichana pale shuleni kwetu mpaka muhula wa tatu uanze Agosti, na hata siku moja hataongeza, kwa sababu magoti yamemkataa. Nisipofika, kazi anapewa Selipher. Selipher, Danson! Anayefundisha watoto kurusha mpira kwa mikono miwili kama wanamwaga maji. Kazi hiyo nimeiota tangu nilipovua jezi ya shule, na nilikuja huku ili nikirudi nisiwe mzigo kwa mtu. Niombee Juni ifike.

Dada yako,
Serah


Riyadh, 18 Februari 2025

Dada Serah, mwalimu wangu wa kwanza na mkali kuliko wote,

Shikamoo kubwa. Nimefurahi kusoma kwamba unapumua na unagombeza TV. Kikohozi kimeondoka, sasa kimeniachia mafua. Kazi ni ileile, saa kumi na mbili kwa siku kwenye kibanda cha kuegesha magari, naandika nambari za magari ya watu walio na haraka. Absalom nilimnunulia soda mbili na akaomba ya tatu.

Kuhusu Dallas, dada, umezeeka. Unamlilia mtu anayelipwa mamilioni kwa kuruka! Eti hawakumuuliza. Nani huulizwa? Kampuni yetu ilinitoa ghala la Kharj ikanileta hapa saa tano asubuhi, sahani yangu ikiwa bado na wali. Nilichukua begi nikapanda gari. Yeye amepelekwa mji mkubwa kuliko aliotoka, timu yenye jina, bahari iko karibu. Kule Dallas nasikia mashabiki wamebeba jeneza hadi nje ya uwanja. Jeneza, jamani! Mwaka mmoja na watakuwa wamemsahau. Uhamisho ni biashara, na mara nyingine mtu huhamishwa akaangukia pazuri.

Dalmas, ninayelala naye chumba kimoja, yuko upande wako. Tulibishana mpaka msimamizi akaja kutunyamazisha. Lakini Dalmas ni mtu wa kandanda, atajua nini?

Ukweli ni kwamba nina hamu ya kukuona. Mwezi ujao nitatimiza miaka miwili bila kuuona uso wako, na tuko nchi moja. Ijumaa alasiri huwa niko huru, nazunguka Batha na watu wengi kweli, wala hakuna hata mmoja wa kuniambia kwamba kwa kudunda mpira mkono wangu wa kushoto ni mbovu.

Mdogo wako,
Danson


Jeddah, 7 Machi 2025

Mdogo wangu Danson,

Natumai mafua yamekuonea huruma. Mimi niko salama, ila Ramadhani imenishika. Tangu saa nane mchana nakunja sambusa, na wageni wa futari hawapungui ishirini. Mkono wako wa kushoto ni mbovu. Hapo nimekuambia, shukuru.

Sina muda, Absalom anapakia lori sasa hivi. Nisome vizuri na unijibu vizuri. Dada yake baba wa huko Riyadh amekimbiwa na msichana wake wa kazi, na baba anasema niende nimsaidie Ramadhani na Idi, nikimaliza nirudi. Nimemuuliza kuhusu Juni. Akasema, "Juni ni Juni, Serah, usiogope." Lakini wanataka wanihamishie kwa dada yake kwenye mtandao wa serikali. Kuna nambari itakayoingia kwenye simu yangu. Nikimsomea baba ile nambari, ni kama nimekubali kwa mdomo wangu. Nisipomsomea, hawawezi kunihamisha.

Jana ilikuja. Nikasema simu haina chaji. Madam akanikazia macho. Baba akasema hakuna shida, wataituma tena wiki ijayo.

Danson, moyo wangu haujatulia. Kama ni msaada wa wiki nne, serikali inaingiaje? Lakini baba si mtu mbaya, na nikikataa nitaishije na madam miezi mitatu? Hapa sina wa kumuuliza. Wewe unatoka nje, unaongea na watu, unajua mambo ya ikama, hivi vibali vya kukaa, na makafili, hawa waajiri wanaotudhamini, kuliko mimi. Uliza. Nimsomee au nisimsomee? Utakachosema ndicho nitakachofanya.

Dada yako,
Serah


Riyadh, 10 Machi 2025

Dada yangu Serah,

Salamu nyingi mno! Mafua yamekimbia yenyewe nilipoisoma barua yako. Absalom anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo naandika juu ya boneti ya gari la mtu.

Msomee! Msomee hata kabla hajauliza! Dada, unaletwa Riyadh na bado unauliza? Absalom amenieleza nyumba ilipo. Ni dakika ishirini na tano kwa basi kutoka kibandani kwangu. Ijumaa utaomba ruhusa ya saa mbili, hata moja, tukae mahali tunywe chai. Mama atapata picha yetu sote wawili.

Na Juni usiihofie. Hili nalijua vizuri, na wewe pia unalijua ila woga umekusahaulisha. Mchezaji akihamishwa, mkataba wake unahama naye vilevile ulivyo. Aliyebakiza mwaka mmoja anafika na mwaka wake mmoja. Timu mpya haiwezi kumwongezea hata siku. Wewe umebakiza miezi mitatu, basi utaimalizia Riyadh, na ndege utapandia hapa. Tofauti ni uwanja wa ndege tu. Nami nitakusindikiza.

Nimeshanunua mpira! Wa rangi ya machungwa, nimeupata Batha kwa Mbangladeshi mmoja aliyekuwa anauuzia kwenye beseni. Unadunda vizuri kuliko ule wa shule tuliouziba kwa gundi ya baiskeli. Kuna bustani yenye kikapu karibu na mtaa wenu mpya. Njoo uone mkono wa kushoto.

Mdogo wako anayekusubiri,
Danson


Riyadh, 14 Aprili 2025

Dada Serah,

Natumai hujambo, na nasema natumai kwa sababu sijui. Ni mwezi mzima. Absalom ameniambia kwamba ulichukuliwa na gari la baba tarehe kumi na saba Machi, na begi moja. Simu yako haipatikani. Idi ilipoisha nilijua utarudishwa Jeddah, nikamngojea Absalom Batha na bahasha. Akasema jikoni kwa baba kuna msichana mpya, Muuganda. Ijumaa zote nne nimekaa kwenye ile bustani na mpira mapajani. Walinzi wa pale sasa wananisalimia kwa jina.

Mama anauliza picha iko wapi. Nimemwambia kamera imeharibika.

Wiki jana yule kijana alirudi Dallas na timu yake mpya. Kabla ya mchezo walimwonyesha video ya miaka yake yote pale. Akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa taulo akalia, mbele ya uwanja mzima. Mwanzoni nilicheka. Nilimwita Dalmas aje amwone tajiri analia. Halafu tukaitazama tena, na mara ya pili sikuweza kucheka. Kisha akaingia uwanjani akawafunga pointi arobaini na tano. Nilitaka kukwambia ulisema kweli, lakini sijui nakwambia wapi.

Absalom atajaribu kuipitisha barua hii chini ya samaki. Niandikie hata neno moja. Niambie mko na kazi nyingi, niambie chochote.

Mdogo wako,
Danson


Riyadh, 2 Mei 2025

Danson,

Niko hai. Barua yako ilifika ikinuka samaki. Ya kuijibu nimeiandika vipande vipande chooni kwa siku tisa, kwa hiyo usitafute mpangilio.

Nyumba ina ghorofa tatu na ukuta mrefu. Geti linafunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kwa madam mpya, huyo dada yake baba. Nje nafika kila baada ya wiki mbili hivi tu, pale mlango mdogo unapofunguliwa nipokee samaki na maji kwa Absalom, na madam anasimama nyuma yangu. Simu aliichukua siku ya kwanza. Wapo watoto sita, na mama mkwe asiyeweza kujigeuza kitandani. Bustani yako yenye kikapu sijaiona. Huenda iko nyuma ya ukuta huu huu, lakini mimi siioni.

Sasa sikia Idi ilivyokuwa. Baba alikuja kutoka Jeddah kula na dada yake. Wanaume walikaa sebuleni, mimi nikaingia na kahawa. Bado alikuwa anaililia Dallas! Anamweleza shemeji yake kwa Kiarabu, nami Kiarabu cha hivyo nakielewa: kijana alijiona yuko nyumbani, wamemtoa bila kumuuliza, watu hao hawana haya. Macho yalikuwa yamelowa, Danson, sikudanganyi. Na wakati huohuo amenyoosha kikombe nimjazie. Nikajaza. Hakuniangalia.

Alipokuwa anaondoka nilimfuata mlangoni. Nikamwambia, baba, Idi imeisha, turudi. Akaniambia niko na dada yake sasa, mambo yangu nimuulize yeye. Nikamuuliza Juni je? Akasema, kwa upole kabisa, "Serah, ulikubali mwenyewe. Nambari ilitoka kwa simu yako." Madam mpya akanionyesha karatasi. Mkataba mpya, miaka miwili, umeanza tarehe kumi na saba Machi, unaisha tarehe kumi na saba Machi mwaka wa 2027. Miezi ishirini na moja niliyomtumikia baba imefutwa kama chaki.

Uliniambia mkataba unahama na mchezaji. Mimi si mchezaji, Danson! Hakuna aliyenipigia makofi wala kunionyesha video. Nilikuomba uulize watu, na wewe ukaniletea sheria za mpira. Ulimuuliza nani? Nataka jina. Uliuliza hata mtu mmoja?

Mpira usiulete. Kumwandikia Mwalimu Jerusha siwezi bado, vidole vinakataa.

Serah


Riyadh, 16 Mei 2025

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Umesaini jina tu. Nilikaa na hilo jina siku nzima.

Umeuliza nilimuuliza nani. Sikumuuliza mtu. Ila Dalmas, nilipomsomea barua yako ile ya Machi, alisema bila kuulizwa, "Danson, tulia kwanza, hapa kafili mpya ni mkataba mpya." Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa kandanda. Kwa hiyo niliambiwa, dada. Niliambiwa na sikutaka kusikia, kwa sababu nilitaka uje. Nilikuwa mpweke nikajifanya mjuzi. Hakuna jingine la kujitetea nalo.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda kwenye ofisi ya kazi na barua yako mfukoni. Yule karani hakuwa mkali. Alitafuta jina lako, akanionyesha kwenye kioo: umekubali mwenyewe, saa, tarehe, kila kitu. Akasema ukitaka kulalamika, uje mwenyewe na ikama yako. Nikamwambia hawezi kutoka, amefungiwa. Akasema basi apige simu. Nikamwambia hana simu. Akaniangalia, akaita nambari iliyofuata. Ubalozi wameandika jina lako kwenye daftari na kuniambia ningoje. Nitarudi kila nikipata ruhusa, hata wanichoke.

Na majuzi Dallas wameshinda bahati nasibu ya wachezaji chipukizi. Walikuwa na nafasi isiyofika mbili kwa mia, na sasa watachagua kijana wanayemtaka kabla ya timu nyingine zote. Uliniambia wataijutia. Mimi nilizima simu, sikutaka kuwaona wakishangilia.

Mpira umesema nisiulete, na siwezi kukutii kwa hilo. Absalom atanionyesha ukuta wenu. Ijumaa alasiri watu wakishatoka msikitini, nitakuwa upande wa nje, kwenye kile kiwanja kitupu wanachochezea watoto. Sitaita jina lako wala kugonga geti, nisije nikakuponza. Nitadunda tu. Usiposikia, nitajua uko upande mwingine wa nyumba. Ukisikia na usitake kusikia, ziba masikio. Nitakuja hata hivyo.

Nisamehe. Usiponisamehe pia nitakuja.

Mdogo wako,
Danson


Riyadh, 21 Juni 2025

Mdogo wangu Danson,

Salamu kutoka ndani ya ukuta. Mgongo bado unalalamika, na sasa umepata mwenzake, goti. Wewe usiugue, kuna joto la kuua.

Tarehe kumi na nne ilipita. Niliamka nikaosha madirisha ya mbele. Mchana nikamwandikia Mwalimu Jerusha ampe Selipher filimbi, na Absalom ataipiga picha amtumie. Nilimwandikia Selipher pia, nikamweleza wasichana gani wanaogopa kugongwa na wapi zilipo jezi nzuri. Nililia nikiandika, sikufichi. Ilikuwa kazi yangu.

Ijumaa ya kwanza ulipokuja nilikuwa ghorofa ya pili napiga pasi kanzu. Nikasikia, pasi ikabaki juu ya kola mpaka ikaungua, na madam amenikata mshahara kwa hiyo kanzu. Akauliza ni nani huyo anayecheza kwenye jua hili. Nikasema watoto wa jirani. Ijumaa iliyofuata nilijua saa, nikapanga nguo zote za pasi ziangukie alasiri. Hata mama mkwe anasikiliza. Anageuza macho upande wa dirisha, kisha ananitazama mimi. Nadhani anajua.

Nilikuwa nimeapa sitakusamehe. Bado sijakusamehe, ukweli usemwe. Kuna siku nakunja shuka na hasira inanijia mpya kabisa, kama barua yako imefika leo. Sijui itaisha lini. Nilitaka ulijue hilo kabla sijakwambia hili lingine.

Unadunda vibaya. Nimekusikiliza Ijumaa tano sasa. Kulia, kulia, kulia, kisha ukihamia kushoto unachelewa, unaupiga kama unaogopa utakuuma. Mara tatu jana mpira ulikutoroka, nikasikia viatu vyako vikiukimbiza. Nilikufundisha nini pale shuleni? Vidole, si kiganja. Magoti chini. Macho mbele, hata kama mbele kuna ukuta tu.

Endelea kwenda ubalozini, usiache. Lakini kwenye kalenda ya jikoni nimehesabu, na zimebaki Ijumaa tisini kabla ya tarehe yao. Tisini zinatosha kumnyoosha hata mtu kama wewe. Ijumaa ijayo anza na kushoto. Dunda mia moja, usibadilishe mkono. Nitakuwa nahesabu, na ukirudi kulia nitajua.

Na uje na maji ya kunywa.

Dada yako,
Serah